Riflekta za kukimbilia alfajiri barabara ya Mikindani: kizibao cha bodaboda kinatosha?

BintiShangani

Habari zenu humu. Naomba ushauri kwa wanaokimbia au kutembea gizani, hasa wa Mtwara na Lindi, na kama kuna madereva naomba wasipite kimya.

Mimi ni muuguzi. Zamu ya asubuhi naingia saa 1 na nusu, kwa hiyo mazoezi yangu ni saa 11 alfajiri, hapo au basi. Natoka Shangani, nakatiza Ligula, naingia barabara ya Mikindani na kugeuzia Magomeni. Nikijisikia vizuri nasogea kuelekea Mangamba. Mwezi wa 11 sina wasiwasi, maana saa 11 na nusu tayari unaona njia. Lakini Julai hii jua linachomoza saa 12 na nusu imeshapita, na kabla ya hapo mapambazuko yenyewe ni mafupi. Naondoka gizani, na sehemu kubwa ya kurudi ni giza pia.

Juzijuzi lori lilinipita karibu mno, upepo wake ukanisukuma hadi kwenye majani. Halikupunguza mwendo, halikupiga honi. Siamini kama dereva aliniona hata kidogo. Nilikuwa na traksuti nyeusi na ushungi wa bluu iliyokolea. Mume wangu kasema nitafute kitu cha kunifanya nionekane, la sivyo nihamie uwanja wa Nangwanda. Namwelewa kabisa, ila kuzunguka uwanja siuwezi, mimi napenda barabara.

Kizibao cha bodaboda, kile cha njano kali chenye mistari ya fedha, nimeambiwa sokoni ni elfu tano. Kinatosha? Mwenzangu kazini ananiambia niachane nacho, ninunue tochi ya kichwani tu.

Halafu kuna jambo ambalo ndilo linaniumiza kichwa zaidi. Jioni baada ya magharibi natembea na mama mkwe wangu na kina mama wa mtaani. Mama ana presha, daktari alimshauri atembee, na ameipenda sana hiyo safari. Wote wanavaa baibui nyeusi. Kizibao juu ya baibui hawavai, nimeshawauliza. Hao niwasaidieje?

Mkimbizi_Ligula

Dada, tochi ya kichwani inatosha. Natumia hiyo hiyo. Unaona mashimo, unaona mbwa, na gari likija linaona taa. Riflekta waachie mafundi wa barabara.

DerevaSemi

Dada muuguzi, pole kwa hilo lori. Mimi naendesha semi. Nabeba saruji kutoka Msijute kuleta mjini, na msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa 10 nabeba korosho kushusha bandarini. Barabara hiyo ya Mikindani naipita gizani mara nyingi kuliko mchana. Nitakueleza kinachoonekana kutoka kwenye kiti changu, na mimi nazungumza kwa uchungu kwa sababu kugonga mtu ndicho kitu ninachokiogopa kuliko vyote katika kazi hii.

Taa zangu nikiwa nimedimu zinamulika chini na karibu. Mtu aliyevaa nyeusi namwona akiwa mita 30 au 40, na ninachoanza kukiona ni miguu, kwa sababu mwanga uko chini. Malori tunaruhusiwa 80 nje ya makazi, na 50 kwenye makazi. Kwa 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Mpaka macho yaone, akili ikubali, na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imekwenda, yaani mita 33 zimekwisha na breki ndiyo kwanza inashika. Na semi iliyojaa saruji haisimami papo hapo. Ndiyo maana hukusikia honi. Huyo dereva, kama alikuona, alikuona ukiwa tayari ubavuni mwake.

Ongeza na taa za anayenikabili. Alfajiri hiyo hiyo mabasi ya Dar yanatoka mjini, mengine yamepiga fulu. Likinikabili, kwa sekunde kadhaa upande wangu wa kushoto ni ukuta mweusi. Kama kioo kina vumbi na chumvi ya pwani, mwanga unatawanyika kwenye kioo chote, hali inakuwa mbaya zaidi. Mtu mwenye traksuti nyeusi hapo kwangu mimi hayupo.

Sasa kizibao. Kizibao ni kizuri, usiache kununua. Ila kikiwa peke yake kina tatizo ambalo mtu wa dukani hawezi kukuambia. Nikiwa mbali naona mistari miwili ya fedha imekaa gizani usawa mmoja. Akili yangu inasema ni bodaboda ameegesha anasubiri abiria, au ni kibao cha kona. Vitu vinavyong'aa pembezoni mwa lami ni vingi, na karibu vyote havitembei. Kwa hiyo naendelea na mwendo wangu, na nikija kutambua kwamba ni mtu anakimbia, nafasi niliyokuwa nayo nusu yake nimeshaitumia.

Dawa yake ni miguu. Kuna mzee mmoja huwa namkuta upande wa Mikindani, pale barabara inapopita kando ya ghuba, anakuja na baiskeli na tenga la samaki nyuma. Taa hana. Kizibao hana. Lakini pedeli zake bado zina vile vipande vya rangi ya chungwa vilivyotoka navyo kiwandani. Kimoja kinapanda, kingine kinashuka, kinapanda, kinashuka. Huyo mzee namtambua tokea mwanzo wa mnyooko. Mguu wangu unaachia mafuta kabla hata sijamwambia utingo kwamba kuna baiskeli.

Kwa hiyo mimi nakuomba uanzie kwenye vifundo vya miguu. Mkanda wa riflekta kuzunguka kila kifundo, kuzunguka kabisa, siyo kipande cha mbele tu. Ukipata na wa vifundo vya mikono, vizuri sana, mikono nayo inakwenda mbele na nyuma. Kizibao kiwe juu ya hayo. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua mikanda ya miguu.

Kuhusu tochi, kaka wa Ligula usinielewe vibaya, tochi ina kazi yake. Lakini taa moja nyeupe usawa wa kichwa gizani, mimi naisoma ni pikipiki iliyo mbali. Na ukinitazama usoni umenipofusha, sasa hata wewe mwenyewe sikuoni. Shika tochi mkononi uielekeze chini mbele ya miguu yako, ikicheza na mkono.

Jambo la mwisho, na hili ni la bure. Kimbia ukitazamana na magari, yaani upande wako wa kulia, kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto. Taa za dimu za nchi zinazoendesha kushoto zimetengenezwa kumulika mbali zaidi ukingo wa kushoto na kushuka upande wa kulia ili tusimpofushe anayekuja. Ukiwa kulia kwako, upo kwenye ule ukingo ambao taa zangu zinaufikia vizuri. Na wewe unaniona, unaweza kutoka kwenye lami.

BintiShangani

Kaka DerevaSemi, Mungu akulinde barabarani. Hili la pedeli limeniingia kabisa. Nilikuwa nadhani kadiri taa za gari zinavyoniumiza macho ndivyo dereva anavyoniona.

Kuna stika nyekundu na nyeupe wanazobandika nyuma ya matela, fundi mmoja wa magari kaniambia atanipa kipande nijibandike mgongoni. Vipi hizo?

DerevaSemi

Hapana dada, hizo usijibandike. Zinang'aa sana, hilo ni kweli, lakini nyekundu na nyeupe usiku ni tela. Nikiziona nitadhani ni lori liko mbali mbele yangu tunakwenda njia moja, nami nitakadiria umbali kwa ukubwa wa lori. Vaa rangi ya fedha. Kama ni taa ndogo ya nyuma hapo ndipo nyekundu inakaa vizuri.

MwlFizikia_Lindi

Naungana na dereva. Alichokieleza kwa uzoefu kimepimwa. Mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alichapisha mwaka 1973 majaribio ya kufunga taa ndogo kwenye viungo vya watu, yaani mabegani, viwikoni, magotini na kwenye vifundo, kisha akawapiga filamu gizani. Kwenye filamu hakuonekani mwili, ni nukta tu. Watu wakisimama au kukaa, mtazamaji anaona nukta zisizo na maana. Wakianza kutembea, papo hapo anajua ni binadamu. Baadaye watafiti kina Joanne Wood wa Australia na Richard Tyrrell wa Marekani wakalipeleka jambo hilo usiku kwenye barabara iliyofungwa, na madereva wakawatambua wenye riflekta kwenye viungo kutoka mbali zaidi kuliko wenye riflekta ya kifuani. Walikuta pia hilo ulilolisema dada: mtembea kwa miguu anajiona anaonekana kutoka mbali kuliko inavyokuwa kweli.

Sasa namna riflekta inavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hapa hutauziwa kitu feki. Ule utepe wa fedha umejaa vishanga vya kioo vidogo mno, huvioni kwa jicho. Mwanga ukiingia kwenye kishanga unapinda, unagonga nyuma, unarudi kule kule ulikotoka. Hauendi kushoto wala kulia. Dereva anauona kwa kuwa macho yake yako karibu na taa zake. Aliyesimama pembeni anaona kitambaa cha kijivu tu.

Kwa hiyo ukienda sokoni usimwambie muuzaji akumulikie. Washa tochi ya simu yako, iweke pembeni ya jicho lako mwenyewe, karibu kabisa na sikio, mtu ashike kizibao hatua kumi mbele yako mahali penye kivuli. Cha kweli kinalipuka mwanga mweupe usoni kwako. Feki, ambacho kimepakwa rangi ya fedha tu, kinabaki kijivu. Ukipiga picha kwa flashi utapata jibu hilo hilo. Nimewafanyisha jaribio hili wanafunzi wangu wa bweni uwanjani usiku, wengine na mashati meupe, mmoja na mkanda wa riflekta kifundoni. Mashati yalipotea mapema, mkanda ukabaki unaonekana mpaka mwisho wa uwanja.

Kuhusu ile njano kali ya kizibao, watu wanaichanganya na riflekta. Ni vitu viwili tofauti. Njano ile inachukua miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua, ambayo sisi hatuioni, na kuigeuza kuwa mwanga unaoonekana. Ndiyo maana wakati wa mapambazuko na magharibi inaonekana kama inawaka yenyewe. Usiku mnene jua halipo na taa za gari hazina miale hiyo ya kutosha, kwa hiyo njano inabaki kitambaa cha rangi nyepesi. Saa 11 alfajiri ya Julai kinachokusaidia ni utepe wa fedha. Saa 12 na robo, njano inaanza kazi. Kizibao kisicho na utepe, au utepe wake umechakaa, kwa muda wako wewe hakina msaada.

Na kuna jambo moja ambalo dereva wa lori hawezi kuliona kwa sababu yeye ana taa nzuri. Riflekta haina mwanga wake. Bodaboda aliyezima taa, au mwenye taa iliyofifia, au mtu wa baiskeli isiyo na taa, hawa riflekta yako haiwasaidii. Mtaani kwetu Lindi hao ndio wengi kuliko malori. Hapo ndipo tochi yako ya mkononi ni ya lazima.

MamaChikongola

Mimi niongelee la baibui kwa sababu ni letu. Ramadhani huwa tunatembea baada ya tarawehe, kundi zima, watoto wapo, mabinti wapo. Mwenye tochi nyeupe anatangulia, wa mwisho ana ile taa nyekundu ndogo ya baiskeli kaifunga kwenye mkoba mgongoni. Tunatembea mstari mmoja. Hatutembei watatu watatu huku tunaongea, hapo ndipo mmoja anajikuta katikati ya lami.

Lakini niseme ukweli wangu, kina mama wengine wanahofia kuonekana. Wanasema ukijing'arisha unamwita mwizi. Hofu hiyo naiheshimu, siwezi kuipuuza.

MwlFizikia_Lindi

Mama Chikongola, hofu hiyo ina msingi, na ndiyo uzuri wa riflekta kuliko taa. Aliyejificha kwenye kichochoro bila kuwasha tochi haoni chochote, kwake ni kijivu. Inawaka kwa mwenye taa tu. Kutembea kundi mnakofanya ndiyo kinga yenyewe dhidi ya mwizi mwenye tochi.

Kwa baibui, Finland kuna desturi nzuri. Kule majira ya baridi giza ni refu, na sheria inamtaka mtembea kwa miguu avae riflekta gizani. Wengi hawavai kizibao. Wanatundika kipande kidogo cha riflekta kwa uzi kutoka mfukoni mwa koti, kinaning'inia usawa wa goti na kuyumba kila hatua. Pande zote mbili kinang'aa. Kina mama wanaweza kukitundika kwenye mkoba, kimoja kulia, kimoja kushoto, wakifika nyumbani wanakirudisha ndani.

FundiCherehani_Sokoni

Wakubwa, nimeusoma uzi wote. Mimi nashona hapa mjini, nguo za walinzi na za bodaboda ndiyo kazi yangu ya kila wiki, kwa hiyo huo utepe naufahamu kwa vidole.

Upo wa aina mbili za kushonwa. Wa kwanza ni wa kitambaa, laini, rangi ya fedha iliyotulia, ndio wenye vishanga alivyosema mwalimu. Unashoneka vizuri, unapinda na mwili. Ubaya wake mvua. Ukilowa unafifia mpaka ukauke, kwa hiyo masika usiutegemee peke yake. Wa pili ni wa plastiki, ukiutazama karibu una michoro ya vipembe vidogo vidogo kama sega la nyuki. Huo unang'aa zaidi na mvua haiusumbui sana, lakini ni mkavu, kwenye kifundo cha mguu utakukwaruza. Huo nauweka mgongoni au kwenye mkoba. Stika za magari sizishoni kwenye nguo, gundi inagandia sindano na baada ya kufua mara chache inabanduka.

Kwa dada muuguzi, mikanda ya miguu ni kazi ndogo. Nachukua lastiki pana ya vidole viwili, nakata kulingana na kifundo, nashonea utepe wa kitambaa juu yake, namalizia na velkro. Lastiki naivuta kidogo wakati wa kushona, nisipoivuta ukivaa utepe unakatika nyufa. Mshono uwe mrefu na uwe pembeni kabisa, kila tundu la sindano linaua kipande cha mwanga. Ukitaka nakushonea moja kwa moja kwenye suruali, ila mkanda ni bora kwa sababu unauvaa na suruali yoyote na hauufui kila siku.

Kufua ndiko kunakoziua. Watu wanaleta vizibao utepe umekuwa mweusi, wanadhani ni uchafu, kumbe vishanga vimeng'oka. Fua kwa mkono, sabuni ya kawaida, usisugue utepe kwa brashi, usitie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, usipige pasi juu ya utepe, anika kivulini. Kizibao cha kiwanda cha maana kina kilebo ndani kinachosema kifuliwe mara ngapi, na kama kimeandikwa EN ISO 20471 basi hicho ni kiwango cha kimataifa cha nguo za kuonekana, na kimeweka kiasi cha utepe kinachotakiwa kuwepo. Vya elfu tano vingi havina kilebo, hivyo lile jaribio la simu usiliache. Jasho la chumvi nalo lifute na kitambaa kibichi ukifika nyumbani.

Baibui sasa. Niliwahi kumshonea mteja wangu mmoja utepe mwembamba wa kitambaa, upana wa kidole kimoja, kuzunguka pindo la chini na pindo za mikono. Mchana ni kijivu kimetulia, kila mtu anadhani ni nakshi. Alikuja na dada yake, baadaye wakaja majirani. Pindo la chini linacheza na hatua, na mikono inacheza pia, naona ndilo lile lile analolitaka dereva. Tahadhari ni moja, pindo lisiburuze chini. Likiburuza vumbi na mchanga vinamaliza utepe ndani ya mwezi. Nalipandisha kidogo juu ya kifundo, au nashona utepe vidole vitatu juu ya pindo.

BintiShangani

Fundi, umenitatulia kabisa. Mama mkwe nimemsomea hapo penye nakshi, kakubali bila mjadala, na ameshachagua baibui gani ianze.

Mwalimu, jaribio la simu nimelifanya leo sokoni. Vizibao vitatu, duka moja, bei moja. Viwili vililipuka, cha tatu hakikutoa kitu. Kwa macho ya kawaida vilikuwa havina tofauti, tena kile kibovu ndicho kilichokuwa na fedha ya kupendeza. Nimechukua kizuri.

Kaka dereva, swali la mwisho. Nikiwa nimevaa yote hayo, nitajuaje kwamba umeniona?

DerevaSemi

Dereva aliyekuona atafanya moja kati ya haya: atashusha fulu kuwa dimu ili asikupofushe, atasogea kidogo katikati kama hakuna anayemkabili, au utasikia injini inabadilika sauti kwa kuachia mafuta. Usipoona hata moja, toka kwenye lami. Usisubiri kumpima. Na kama mbele yako magari mawili yanapishana, toka kwenye lami uingie kwenye majani hata kama umevaa riflekta mwili mzima, wakati huo sisi wote wawili hatuoni vizuri.

Wenzangu wa malori ya makaa ya mawe wanaoshuka bandarini kutoka Ruvuma wanafika huku wamechoka, wengine wameendesha usiku kucha. Nimewatumia huu uzi kwenye kundi letu la simu. Nimewaambia kuna watu wanafanya mazoezi kuanzia Mangamba mpaka mjini alfajiri, wapunguze.

Visikilizio vya masikioni uviache nyumbani, dada. Lori linalokuja nyuma kuovateki mwenzake unalisikia kabla ya kuliona.

Mkimbizi_Ligula

Nimesoma yote. Fundi, na mimi naomba mikanda miwili ya miguu na miwili ya mikono. Kifundo changu cha mguu ni kinene, nipimeje?

FundiCherehani_Sokoni

Pima kwa uzi juu kidogo ya kifundo, siyo penye mfupa wenyewe, ukiwa umevaa soksi unazokimbilia. Niletee huo uzi, usinitumie namba. Dada muuguzi, baibui ya mama ije imefuliwa na isiwe imepigwa wanga, sindano inateleza. Zikija Alhamisi zote, Jumamosi jioni mnachukua.